Je, Mahame Hayana Mwenyewe?

Kijana mmoja wa darsa yetu alitujia baada ya sala ya Isha na picha katika simu yake, akauliza kama ni halali kuzitazama na kuzieneza. Zilikuwa picha za ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili huko Marekani, hospitali zilizohamwa siku nyingi: rangi imebambuka ukutani kama magome ya mti, kiti kimeachwa peke yake katika ukumbi mrefu, jua laingia kwa dirisha lililovunjika. Wallahi ni picha nzuri, na uzuri huo ndio uliotutia shaka.

Kwanza tuliondoe lisilo zito. Wako watakaosema kuwa picha zote ni haramu na mlango umefungwa. Sheikh Muhammad Abduh aliliandikia jambo hili zaidi ya miaka mia iliyopita, akaona kuwa sababu ya katazo ni khofu ya kuabudiwa masanamu, na kwamba picha yenye kuhifadhi ilimu ina faida yake. Nasi twaishika kauli hiyo. Lakini chombo kuwa halali hakuhalalishi kila kinachofanywa nacho. Kisu nacho ni halali.

Swali lenyewe ni haki ya wale waliokuwamo. Katika Suratun Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Kisha, aya mbili mbele, tumeruhusiwa kuingia nyumba zisizokaliwa ambamo mna manufaa yetu. Mwenye haraka atasema: mahame hayakaliwi na mtu, basi hapana hodi. Twamwambia, ngoja. Manufaa yako humo ni yapi?

Mwaka 1955 watu wapatao 559,000 walikuwa ndani ya hospitali za serikali za namna hiyo. Kisha zikaja dawa mpya, na siasa ya kuwatoa watu, na tamaa ya kupunguza gharama, majumba yakabaki matupu. Christopher Payne, aliyesomea usanifu wa majengo, aliyazunguka tangu 2002 hata 2008, akapiga picha katika hospitali 70 za majimbo 30. Nyingi ni za kuta na kumbi. Moja yaonyesha miswaki ya wagonjwa, imetundikwa safu safu. Mbele ya kuta tulisifu nuru. Mbele ya miswaki tuliuliza, ilikuwa ya nani? Kwetu sisi tofauti ya picha na picha ni hiyo.

Hospitali ya Willard, katika jimbo la New York, ilifunguliwa 1869 ikafungwa 1995. Darini yalikutwa masanduku ya safari yapatayo 400, ya watu walioingia wakidhani watatoka. Mpiga picha Jon Crispin alianza kuyapiga 2011, lakini hakuruhusiwa kutaja majina ya ukoo ya wenyewe, kwa sababu sheria yalinda siri ya mgonjwa. Na katika makaburi ya hapo maelfu walizikwa chini ya nambari. Mgonjwa mmoja aliwachimbia wenzake kwa miaka mingi, naye akazikwa papo hapo.

Watu wataiita hiyo sitara, na sitara kwetu ni jambo kubwa, Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa amsitiriye nduguye, Mwenyezi Mungu atamsitiri Kiyama. Lakini husitiriwa aibu, na ugonjwa si aibu. Aliyepotewa na akili kalamu imeondolewa juu yake. Hana dhambi ya kufichiwa. Anapofichwa yeye, tena na wale wale waliomwandika nambari, aliyesitiriwa ni nani?

Tazama Salem, katika Oregon. Mwaka 2004 wabunge walioizuru hospitali ya jimbo waliingia chumba chenye mikebe ya shaba zaidi ya 3,500, na ndani yake majivu ya wagonjwa ambao hawakuchukuliwa na mtu. (Kuchoma maiti kwetu ni haramu, hilo si hoja ya leo.) David Maisel aliipiga picha mikebe hiyo, shaba imeota kutu ya kijani na buluu mpaka yapendeza kama johari. Tulizichukia picha hizo mwanzo. Lakini majina yalikuja kutangazwa, jamaa wakaanza kujitokeza kuchukua watu wao, na 2014 ukumbusho ukafunguliwa. Tukanyamaza kidogo.

Hapa baadhi yetu hukimbilia fakhari: kwetu kulikuwa na maristani, kama ile ya Arghun mjini Halab, ya mwaka 1354. Ni kweli. Na katika mitaa yetu leo, ni nyumba ngapi zina chumba cha uani ambacho mgeni haonyeshwi? Twasema twamsitiri. Huenda twalisitiri jina la ukoo, naye yuko gizani.

Jawabu yetu kwa kijana ilikuwa hii: tazama, ukieneza, taja mahali na yaliyotendeka hapo, usitumie ukuta mtupu kwa kuwa unapendeza, na aingiaye humo aingie kama aingiavyo makaburini, kwa salamu. Akauliza tena, na mgonjwa aliye hai, asiyeweza kutoa idhini, apigwe picha? Tukamwambia hapana. Akasema ana ami yake.