Ukiitaka Subaru, Sema Unaitaka

Maandiko: 1 Wafalme 10:26–29, 1 Wafalme 12:4, Mithali 11:1, Mithali 20:14, Luka 14:28–30



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada ya Jumatano, kijana mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Nilidhani ni mambo ya nyumbani. Akatoa simu. "Pasta, hebu niangalilie hii." Ilikuwa picha ya Subaru WRX STI, rangi ya buluu, spoila kubwa nyuma, iko kwenye yadi moja hapa kisiwani. Kisha akauliza: "Mtu aliyeokoka akinunua gari kama hii, ni dhambi?"

Ameniruhusu niandike habari hii bila jina lake. Ana mke na mtoto mmoja, na anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Si mtu wa mchezo.

Majibu ya haraka yalikuwa mawili, na yote mawili mmeyasikia madhabahuni. La kwanza: gari la kasi ni anasa ya dunia, mpinge shetani, nunua Probox ubebe watu wa seli. La pili: wewe ni mtoto wa Mfalme, nenda ukaizunguke mara saba kama Yeriko, uidai kwa jina la Yesu. Sikumpa hata moja. Yote mawili yanamwambia mtu cha kufanya bila kumuuliza moyo wake unasema nini.

Halafu mimi mwenyewe si hakimu mzuri wa jambo hili. Nilikuwa mtoto mdogo mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally akiwa na Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Tulikuwa tunalichora gari lile nyuma ya madaftari ya hesabu, mwalimu akiingia tunageuza kurasa. Baada ya 2002 Safari ilitoka kwenye mashindano ya dunia, ikarudi 2021 kule Naivasha, na mimi mtu mzima, mchungaji msaidizi, nilikaa mbele ya runinga kama mtoto. Kwa hiyo sitawaambia kwamba kupenda chombo kilichotengenezwa vizuri ni dhambi. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake ili awe na ustadi wa kufanya kazi za dhahabu, fedha na mbao. Ustadi wa mikono umetoka kwake. Injini inayolia vizuri inaweza kumfanya mtu ashukuru.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye dhambi, tupitie hesabu kwanza." Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa, na Bwana Yesu katika Luka 14 alizungumza kama mtu aliyesoma biashara. Alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza, ahesabu gharama, asije akaweka msingi halafu watu wakamcheka.

Tukakaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Subaru nao waliacha kuuza STI yenye injini ya EJ20 kule Japani mwishoni mwa 2019. Maana yake zinazoweza kuingia ni chache, na nyingi zilizopo nchini zimeshapita mikono kadhaa, mingine ya watu wenye haraka sana. Ukiagiza, unalipa ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya hivyo vyote VAT ya asilimia 16. Yaani unalipa kodi ya kodi. Injini yenyewe ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa Japani; ukiilisha petroli duni inaweza kuanza kugonga. Ule mkanda ambao mafundi wanauita taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika ukiwa barabarani, vali na pistoni zinakutana, na hapo hununui mkanda tena, unanunua injini.

Tena gari hili lina nguvu za farasi 308. Mwendo unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Na huku kwetu Mji wa Kale, mkokoteni wa maji ukikutana na tuktuk pale Ndia Kuu, mmoja lazima arudi nyuma. Tulicheka sana. Farasi 308 wamesimama nyuma ya hamali mmoja anayesukuma madumu!

Lakini hesabu peke yake haijamaliza swali. Mtu anaweza kuhesabu vizuri na bado akakosea. Jumamosi ndipo nilipoelewa.

Tulienda pamoja kuliona. Nilimshauri aje na fundi wake mwenyewe, asimtegemee fundi wa muuzaji, na tufike asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto inaweza kuficha maradhi yake. Gari lilikuwa zuri kweli. Muuzaji alisema limetoka Japani juzi juzi. Saa ilisoma kilomita 61,000. Fundi hakusema neno, akafungua mlango wa dereva na kutuonyesha kwa kidole. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika ukawa laini kama sahani. Ngozi ya usukani inang'aa. Kiti kimebonyea upande mmoja. Tukaomba karatasi ya mnada, ile inayoandikwa Japani ikionyesha maileji, daraja la gari, na kama limewahi kupata ajali likatengenezwa. Muuzaji akasema imepotea.

Mithali 11:1 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Zamani mfanyabiashara alipunguza jiwe la kupimia. Leo anarudisha maileji. Dhambi ni ile ile.

Nilidhani tumemaliza, tuondoke. Lakini yule kijana alinivuta pembeni karibu na ukuta na kuniambia kwa sauti ya chini: "Pasta, na tukifanya kama hatujaona?"

Wapendwa, sikumkasirikia. Nilimuuliza tu, "Nani mwingine ambaye hajaona?" Akanyamaza kidogo, halafu yakaanza kutoka. Mkewe anajua ni gari la kazi. Fomu ya mkopo wa sacco, pale panapouliza sababu ya mkopo, ameandika "kupanua biashara". Wadhamini watatu wameshatia sahihi. Mmoja wao ni mama wa hapa hapa kanisani, anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, ambaye amekuwa akiweka shea zake kidogo kidogo kwa miaka.

Mnajua sacco inavyofanya kazi. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, lakini lazima wenzako wakudhamini kwa akiba zao. Mpaka umalize deni, akiba ya mdhamini imefungwa. Ukishindwa, inakatwa. Yule mama hakuwa ameweka akiba yake kwenye Subaru. Aliiweka kwenye neno "biashara".

Hapo niliona kwamba kulikuwa na saa mbili zilizorudishwa nyuma. Moja ilikuwa kwenye dashibodi, aliirudisha mtu tusiyemjua. Nyingine ilikuwa kwenye fomu, ameirudisha ndugu yetu mwenyewe. Na ndiyo sababu hakutaka kuiona ile ya kwanza. Mtu anayetembea na uongo wake anashindwa kumwambia mwenzake kuwa ni mwongo. Ukiuliza maswali magumu juu ya gari, unaogopa na wewe utaulizwa.

Fungua 1 Wafalme 10. Sulemani alikuwa mwagizaji wa magari. Maandiko yanatoa mpaka bei: gari moja kutoka Misri vipande 600 vya fedha, farasi mmoja 150. Alikuwa na magari 1,400. Tunaposoma tunaona utukufu. Lakini Musa alikuwa amekwisha kuonya katika Kumbukumbu 17:16 kwamba mfalme asijiongezee farasi, na sababu aliyotoa si kwamba farasi ni mbaya. Ni kwamba kwa ajili ya farasi hao atawarudisha watu Misri. Sasa ruka mpaka sura ya 12. Sulemani amekufa, watu wanamwendea mwanawe Rehoboamu na kumwambia kongwa la baba yako lilikuwa zito, tupunguzie. Bei ya fahari tunaisoma sura ya 10, bili inakuja sura ya 12, na wanaoletewa bili ni watu ambao hawakupanda lile gari hata siku moja.

Hili ndilo ningependa tulichukue wiki hii. Unapochagua kitu cha thamani, usiishie kuuliza "Naruhusiwa?" Uliza pia: "Ni nani atarudi Misri kwa ajili ya gari langu, na je, nimemwambia?" Kama sababu yako huwezi kuisema kwa sauti mbele ya mkeo na wadhamini wako, basi hujachagua bado. Umejificha tu.

Mtaniambia, Pasta, wewe ni mwepesi wa kusema. Hapana. Ngoja niseme na langu.

Kabla sijaingia utumishi nilikuwa na Impreza ya kawaida, si STI. Iligongwa mbele, ikanyooshwa, ikapigwa rangi. Nilipoiuza, kijana aliyenunua aliniuliza swali moja: "Iko sawa?" Nikamwambia, "Iko sawa." Siku ile ilikuwa inatembea vizuri, kwa hiyo nilijiambia sikudanganya. Chuoni tulifundishwa kwamba mnunuzi ndiye wa kujihadhari. Nililala usingizi.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye Marikiti. Alinisalimia kwa heshima, akaniita Pasta, akasema ile gari ilimla pesa nyingi sana upande wa mbele, lakini ndiyo magari hayo. Hakunilaumu. Hakujua. Ile salamu yake ilinichoma kuliko kama angenitukana. Mithali 20:14 inamsema mnunuzi anayeponda bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, halafu akienda zake anajisifu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mstari ule: nilisifu nikiwa mbele yake, na aibu ikaja nyuma. Ilinichukua miezi miwili kumpigia simu na kumwambia ukweli. Mimi na mke wangu tulimlipa sehemu ya gharama kwa awamu tatu. Zakayo alirudisha mara nne. Sisi hatukufika huko. Na mke wangu, ambaye hakuuza gari lolote, alipunguza matumizi ya nyumba ili tulipe. Mnaona? Naye alirudi Misri kwa ajili ya gari langu.

Kwa hiyo pale kwenye ukuta wa yadi sikuwa na mamlaka ya kumhukumu ndugu yangu. Nilimwambia tu: "Ukiitaka Subaru, sema unaitaka. Mwambie mama Subaru, wala usimwambie biashara. Umwache achague na yeye."

Alienda. Alianza na mkewe, na anasema usiku ule ulikuwa mrefu. Halafu akaenda kwa wadhamini, mmoja mmoja. Mmoja alicheka, akasema yeye bado yuko naye. Wa pili alijitoa. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anapanga mahamri, akamwambia, "Mwanangu, mtoto akiugua nakuwekea sahihi leo hii. Kwa hiyo, hapana. Lakini umefanya vizuri kuniambia." Akampa mahamri mawili, akakataa pesa.

Fomu ameirudisha. Gari hajanunua. Picha bado iko kwenye simu, nimeiona Jumapili. Ameanza kuweka akiba yake, na mkewe anajua ni ya nini. Pengine ataipata baada ya miaka minne, pengine ataona kiwanja ni bora zaidi. Siku akiipata kwa njia iliyonyooka nitapanda mbele, tuende mpaka Mtwapa na kurudi, kwa mwendo wa sheria, na nitamsifu Mungu bila kuona haya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hata uwe na farasi 308.

Maswali ya kujadili kwenye seli

1. Ni sababu gani uliyoiandika au kuisema kwa watu, ambayo si sababu yako ya kweli?
2. Kama kuna kitu uliuza ukanyamaza, ni nani unayepaswa kumpigia simu?
3. Nani amekudhamini, kwa pesa au kwa imani yake kwako? Je, anajua amedhamini nini?

Maombi

Baba, unayejua kilomita zote tulizotembea, tusaidie tusiirudishe saa nyuma mbele zako wala mbele ya ndugu zetu. Tupe ujasiri wa kusema tunachokitaka, na neema ya kusikia hapana. Kwa jina la Yesu. Amina.