Orodha Isiyojua Kusitiri

Siku hiyo umeme ulikatika Nyashimo tangu asubuhi, na kompyuta yangu ilikuwa imebakiza chaji kidogo mno. Nilikuwa na habari ya kutuma kabla ya saa kumi. Nikavuka barabara ya Mwanza–Musoma, nikaingia kwenye steshenari yenye jenereta, kompyuta tatu na foleni ya watu wanaotoa kopi za vyeti. Nikapewa kompyuta ya pembeni. Kuigusa tu, nikakuta hifadhi ya mtandaoni ya mtu mwingine iko wazi. Alisahau kutoka.

Sikufungua faili lolote, na hilo naweza kuapa. Lakini ukurasa ulikuwa umeshanionyesha orodha ya mafaili yaliyotazamwa karibuni, kila moja na muda wake. Wasifu mpya wa kazi. Barua ya kuacha kazi. Mkataba wa kuuza kiwanja. Utaratibu wa talaka mahakamani. Juu, kwenye kiduara, palikuwa na picha ya mwenye akaunti. Nilimjua. Ni mwalimu, tunasalimiana, na mkewe huniita shemeji.

Nikamtoa kwenye akaunti, nikatuma habari yangu, nikalipa, nikaondoka. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Kesho yake nikamkuta mkewe sokoni, anachagua dagaa. "Mwangaluka, shemeji," nikamsalimu. Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za kazi. Nikajibu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Akaacha dagaa. "Shem, mbona unaniangalia hivyo? Kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu, ni uchovu tu. Nikaondoka haraka.

Mpaka leo sijui mafaili yale yalihusu nini. Huenda talaka ilikuwa ya dada yake, naye akaombwa kusaidia kwa kuwa ndiye anayejua kompyuta. Huenda kiwanja kilikuwa cha mzee wao. Kila mstari wa ile orodha ulikuwa wa kweli: faili fulani lilifunguliwa siku fulani. Ila hadithi ya ndoa inayovunjika na mwanamume anayeuza mali ili aondoke niliitunga mimi, kwa dakika moja, bila kuombwa. Sisi wapenzi wa riwaya tuna ugonjwa huu. Mwandishi akituachia pengo, tunalijaza, na ndiyo raha ya kusoma. Tatizo ni kwamba yule mama si mhusika wa riwaya, anaishi mtaa wa pili.

Taaluma yangu imewahi kufanya kosa hili hadharani. Mwaka 1987, Rais Reagan wa Marekani alimteua Robert Bork kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwandishi wa gazeti moja la Washington akapata orodha ya filamu alizokodi, 146, na gazeti likaichapisha. Hakukuwa na la aibu, zilikuwa filamu za kawaida tu. Hata hivyo wanasiasa walishtuka, na mwaka 1988 Bunge lao likapitisha sheria ya kulinda kumbukumbu za wanaokodi kanda za video. Walichotetea si siri ya Bork, maana hakuwa nayo. Walitetea haki ya mtu kutazama kitu bila kuja kuulizwa kwa nini alikitazama.

Kutazama si sawa na kutenda, wala si sawa na kusema. Mtu anaweza kusoma utaratibu wa talaka usiku akiwa na hasira, asubuhi akaamka ameamua kubaki. Anaweza kuandika barua ya kuacha kazi mara tatu asiipeleke popote. Hayo ni mawazo yanayopita, na binadamu anahitaji mahali pa kuwazia. Orodha inachukua wazo linalopita na kuligonga muhuri wa saa.

Wapo watakaosema asiye na la kuficha haogopi. Mimi nauliza: mbona tunafunga mlango wa bafu, wakati kila mtu anajua tunafanya nini mle?

Sisemi orodha haina faida. Naitumia kila siku. Inaniokolea muda na bando. Lakini zamani orodha kama hiyo ilikaa ndani ya kompyuta moja. Siku hizi inaifuata akaunti. Ulichofungua ofisini Mwanza kinaweza kumpokea mwanao anapochukua simu yako nyumbani kuangalia katuni. Na si kila huduma inakupa kitufe cha kuondoa jina kwenye orodha huku faili lenyewe likibaki.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Ni hatua kubwa. Ila sheria hiyo inawabana zaidi wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Mimi nilikusanya nini? Nilikaa tu kwenye kiti.

Hapo ndipo naona Kiswahili kina neno linalofika mbali kuliko faragha. Faragha ni haki yangu mimi mwenye siri. Kusitiri ni wajibu wako wewe uliyeiona. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata huingia mtungini kila siku bila kupita majirani ikitangaza maji yamebaki kiasi gani. Mashine haiwezi kusitiri. Kazi hiyo imebaki kwetu, na mimi sokoni niliishindwa kwa uso tu, kabla hata sijafungua mdomo.

Jioni ile nikaitazama orodha yangu mwenyewe. Faili la tatu nililiita kwa jina kamili la mtu anayenipa habari, pamoja na jambo analolalamikia. Nilikuwa nimelifungua kwenye kompyuta ya chumba cha habari, tunayotumia watu watano. Mtu huyo ana ajira na watoto, na alikubali kuzungumza kwa sababu nilimwahidi jina lake halitaonekana. Nikabadilisha majina ya mafaili yote. Sasa nahangaika kuyatafuta, na nimekubali kuhangaika.

Wiki iliyofuata nilirudi steshenari, nikamwambia kijana wa pale kwamba wateja wanasahau akaunti zao wazi. Akacheka. "Kaka, hiyo mbona kila siku? Mimi nikikuta ya mtu nafunga tu. Siangalii."

"Utafungaje bila kuangalia?"

Akanyoosha mkono, akafunika katikati ya kioo kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akasogeza mshale hadi kwenye kona ya kutokea. "Nimeshazoea," akasema, akaendelea kutoa kopi.