Hukumu ya Ada katika Maktaba za Kompyuta

Hapa Kampala, ambako hati ya kiwanja huweza kuwa mkononi mwa mtu mmoja na migomba iliyomo ikawa mali ya mtu mwingine, swali la kama haki huzaliwa na maandishi peke yake, au na mazoea ya miaka mingi pia, ni swali la kila siku. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliwapa Kabaka, mfalme wa Buganda, na machifu wake ardhi ya mailo, yaani ya kumilikiwa kwa hati, na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake wakabaki bila hati. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 ikawakinga, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja, yaani mkulima wa shamba asilo na hati yake, aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 pasipo mwenye hati kumpinga. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kuifikia karne nyingi nyuma kanuni iliyo jirani na hiyo, kwamba ada hufanywa hakimu, na lililozoeleka baina ya watu huhesabiwa kama lililoshurutishwa.

Suala hilohilo limo ndani ya kompyuta, na huko pia lina wadhulumiwa. Maktaba ya pamoja ni faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingi, kila moja ikiita kwa jina kazi inayoihitaji, ili watungaji wasiiandike upya kila mara. Katika Linux maktaba iliyo nguzo ya nyingine zote ni glibc, na miongoni mwa kazi zake ni memcpy, inayonakili data kutoka mahali pamoja pa kumbukumbu hadi pengine. Sharti lake limeandikwa waziwazi: sehemu hizo mbili zisipandane, na zikipandana iko kazi nyingine iitwayo memmove. Lakini kwa kuwa memcpy ya zamani aghalabu ilianza mwanzo ikaenda mwisho, aliyelivunja sharti mara nyingi hakupata madhara, na kosa likakaa kimya.

Mwaka 2010, katika Fedora 14, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaja glibc mpya ambayo, kwa ajili ya kasi, katika vichakataji fulani ilinakili kutoka mwisho kurudi mwanzo. Waliokuwa wakitumia Adobe Flash ya biti 64, programu ya kuchezea sauti na video, wakasikia muziki ukikwaruza na kupotoka, maana Flash ilikuwa imelivunja sharti lile. Watunzaji wa maktaba wakajibu kuwa kosa si lao, na kwa mujibu wa maandishi walisema kweli. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, akashika upande wa pili: mtumiaji hana haja ya kujua nani kaasi maandishi, ilhali jana sauti ilikuwa safi, leo imeharibika, na faida ya mabadiliko yenyewe haionekani.

Naona hujja ya Torvalds ndiyo yenye nguvu, kwa sababu aliyevunja sharti ni kampuni ya Adobe, na aliyeadhibiwa ni msikilizaji, ambaye hakupata kulisoma sharti wala hakuwa na njia ya kulitimiza. Adhabu inayompita mkosaji ikamwangukia mtu wa tatu haiwi insafu, hata ikiwa imefuata sheria herufi kwa herufi.

Hata hivyo mwenye kibanja hulima hadharani, na mwenye hati akitaka kumpinga humwona. Programu iliyofungwa, kama Flash, huishi juu ya maktaba bila yeyote kuona ndani yake, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuvunja ada iliyofichwa asiijue. Ndiyo maana taksiri iliyo kubwa naiweka juu ya aliyeficha. Kosa ambalo tiba yake ilikuwa kubadili neno moja, memmove mahali pa memcpy, halikuweza kutibiwa ndani ya programu ila na mwenyewe. Torvalds, pamoja na ujuzi wake wote, aliweza tu kutia kipande cha msimbo katikati ya programu na maktaba, kutoka nje.

Watunzaji wa glibc hatimaye walifanya jambo la kiungwana. Katika toleo la 2.14 la mwaka 2011 waliipa memcpy sura mbili: programu iliyojengwa zamani hupewa mwendo unaovumilia kupandana, na inayojengwa upya hupewa mwendo mpya. Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na sura ile ya zamani ya memcpy ingaliko katika maktaba.

Si kila maktaba hufanya hisani hiyo. Tuseme mchapaji wa barabara ya Nasser, hapa Kampala, ana programu iliyofungwa ya kuendeshea mashine yake, naye ahamie Ubuntu 22.04, toleo jingine la Linux, iliyokuja na OpenSSL 3, maktaba ya kulinda mawasiliano. Akiifungua programu yake ataambiwa kuwa libssl.so.1.1, faili la toleo la zamani la maktaba hiyo, halipo, na kama kampuni iliyomwuzia imekwisha kufunga duka, litakalomsalia ni kutafuta nakala ya maktaba kuukuu ambayo Ubuntu yake haiizibi nyufa za usalama. Mtu huyu hakuvunja sharti lolote, tena alilipa. Kwa hiyo, kabla hajatoa fedha nyingine, nadai kifungu kimoja katika hati ya mauzo: muuzaji auweke msimbo wake amana kwa mtu wa tatu, na siku atakapoacha kuutunza, akabidhiwe mnunuzi.