Je, Kumhadaa Ndege ni Uongo?

Huko Marekani, katika majira ya machipuko, watu huwinda bata mzinga wa mwitu kwa sanamu. Mwindaji huketi kimya chini ya mti kabla ya kupambazuka, akasimamisha mbele yake sanamu ya plastiki yenye umbo la jike au la dume changa, kisha akaigiza mlio wa jike. Dume husogea kutaka jike au kumfukuza mshindani, na hapo hupigwa bunduki. Hila hii ni kongwe: mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, zilifukuliwa sanamu 11 za bata wa maji zilizotengenezwa kwa matete, zenye umri upatao miaka 2,000.

Suali ni hili: mtu aliyekatazwa uongo, yafaa amdanganye ndege?

Katika madarasa husimuliwa kisa cha mwanachuoni aliyesafiri mbali kutafuta hadithi kwa mtu fulani. Akamkuta amwita farasi wake kwa nguo iliyokunjwa mfano wa iliyo na chakula, nayo ni tupu. Akarejea bila ya kuipokea. Wako wanaokifanya kisa hiki hoja ya kukataza sanamu za uwindaji.

Sisi twaona mambo haya mawili hayalingani. Farasi yule alilelewa na kulishwa kwa mkono ule ule. Aliitika kwa kuwa ameamini. Aliyemhadaa alivunja amana. Ama ndege wa mwitu hana ahadi na mwindaji. Mvuvi naye huficha ndoana ndani ya chambo, wala hatujasikia akiitwa mwongo. Kuwinda kukiwa halali, hila isiyoepukika katika kuwinda haiwi uongo uliokatazwa.

Lakini ruhusa ina mipaka. Kwanza, haja: awindaye ili ale si sawa na auaye kwa mchezo. Pili, huruma: sanamu ikimleta ndege karibu, akafa kwa pigo moja, ni bora kuliko kumpiga kwa mbali akaenda kufia kichakani kwa maumivu. Tatu, kiasi: Marekani ilipiga marufuku mwaka 1935 kutumia ndege hai kuwavutia bata wa maji wanaohama, na jimbo la Alabama mwaka 2022 likazuia sanamu za bata mzinga katika siku 10 za mwanzo wa msimu. Chombo kinachorahisisha mno mauaji hukomba kizazi. Nne, usalama: wako wawindaji wanaojificha nyuma ya mkia wa bata mzinga uliotandazwa na kumwendea ndege hivyo. Mwindaji mwengine akiuona, aweza kumpiga mtu akidhani ni ndege. Hapo hila imemvuka ndege ikamfikia mwanadamu, na hiyo hatuioni kuwa na udhuru.

Basi msomaji asijiulize tu, “Je, nimemhadaa?” Na ajiulize, “Je, alikuwa ameniamini?” Anayeitikia kwa kutuamini, awe mtu au mnyama, kumhadaa ni khiyana.