Jedwali la Elementi na Kosa Tulilolisema

Twataka radhi kwa wanafunzi wa darasa letu. Juma lililopita kijana mmoja alituuliza juu ya jedwali la elementi lililotundikwa skulini kwao, limepangwa kwa kanuni gani. Tukamjibu kwa haraka: kwa uzani, nyepesi mbele na nzito nyuma. Jawabu hilo si sawa. Tulilisema mbele ya watu, basi na kulisahihisha ni mbele ya watu.

Mtaalamu wa Urusi, Dmitri Mendeleev, ndiye aliyelitoa jedwali lake mwaka 1869. Alizipanga elementi kwa uzani wa atomu zake, akaona ya kuwa tabia zake hurejea kwa zamu. Sodiamu, iliyomo katika chumvi tunayokula, huwaka ukali ikigusa maji. Ukiendelea mbele wakutana na potasiamu, nayo tabia yake ni ile ile. Akaziweka jamaa pamoja.

Na palipokosekana elementi ya kufaa, hakuvuta nyingine ajazie. Aliacha mahali patupu, akaeleza kitakachoonekana hapo kitakuwaje. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran wa Ufaransa akaipata galiamu, akaipima, akasema ni nzito mara 4.7 kuliko maji. Mendeleev, ambaye hata hajaiona kwa macho, akasema kipimo hicho hakisihi, yapasa kukaribia 6. Ikasafishwa, ikapimwa tena: 5.9.

Lakini penye teluri na iodini uzani ulikwama. Teluri ni nzito kuliko iodini, na kwa uzani ingekuja nyuma yake. Walakini iodini kwa tabia ni jamaa ya klorini. Mendeleev akaitanguliza teluri, akidhani waliopima uzani wake wamekosea. Wapimaji hawakukosea. Mahali alipoiweka palikuwa sawa, hoja yake ndiyo haikuwa sawa (na hili huwapata wengi, hata sisi wenye vilemba).

Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley, kwa kuchunguza miale ya eksirei, alionyesha kuwa kila elementi ina nambari yake, na nambari ndiyo ipangayo. Baadaye ikajulikana kuwa ni hesabu ya protoni katika kiini cha atomu: hidrojeni 1, teluri 52, iodini 53, mpaka 118 zijulikanazo leo. Moseley aliuawa Gallipoli mwaka 1915, umri wake miaka 27, akipigana na jeshi la Dola ya Uthmaniya. Aliokabiliana nao vitani walikuwa ndugu zetu katika dini, na leo wajukuu wao wasoma skulini mpango alioueleza yeye.

Mzee mmoja tumpendaye alitunasihi tusiyaandike haya, kwa kuwa mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto heshima yake hupungua. Tulimsikiliza kwa adabu, hatukukubaliana naye. Kwani tumekuja kujua ya kuwa yule kijana aliliona kosa letu pale pale, akanyamaza kwa kutustahi, na wenziwe wakaondoka na lisilo kweli vifuani mwao. Ni nani aliyewafundisha kunyamaza hivyo, ikiwa si sisi?

Twamwomba kijana huyo aje Alhamisi baada ya Isha pamoja na daftari lake, akae mbele, awasomee wenziwe penye teluri na iodini.