Hesabu, Mashindano na Haki za Watu

Katika darasa letu hapa Chechelesi limezungumzwa swali ambalo twaona linastahili kuandikwa: kijana anayekesha akifanya hesabu na kujizoeza mashindano ya kutunga programu za kompyuta, je, yumo katika ilimu au yumo katika mchezo? Wazee wengine husema ni mchezo. Vijana husema ni ilimu, lakini wakiulizwa ni ya kufanyia nini, hujibu ni ya kupatia kazi, basi. Majibu yote mawili yana upungufu, na yapasa jambo hili litazamwe kwa insafu.

Kwanza tuijue daraja ya hesabu yenyewe. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyaa ameitia hesabu pamoja na utabibu katika fardhi kifaya: watu wa mji wakiiacha wote, wote huwa na lawama. Sababu yake ni wazi, kwani watu hawana budi nayo katika biashara na katika kugawa wasia na mirathi. Kabla yake, yapata mwaka 820, Al-Khwarizmi alitunga huko Baghdad kitabu cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani mpango wa hatua zinazofuatana mpaka jawabu lipatikane, na programu zote za kompyuta zimejengwa juu ya mipango hiyo. Basi asemaye kuwa ilimu hii ni ngeni kwetu hakuiuliza asili yake.

Tuchukue mfano wa nyumbani, kwani Isiolo ni mji wa mifugo. Mtu amefariki, hana deni wala wasia, na wazazi wake wamekwisha kutangulia. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume, binti mmoja, na mbuzi 40. Mke ana thumni, nayo ni mbuzi 5. Wanaobaki ni 35, nao hugawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume apata 14, na binti apata 7. Sasa binti huyo akipewa mbuzi 5 na kuambiwa kuwa ndiyo sheria, naye hajui kuhesabu, atashukuru na kwenda zake. Amedhulumiwa mbuzi wawili, wala hajui kuwa amedhulumiwa. Hapo ujinga wa hesabu si aibu ya shuleni tu. Ni mlango wa dhulma uliowachwa wazi.

Ama mashindano, watu wengi huyasema bila ya kuyajua. Yale makubwa ya vyuo vikuu, yaitwayo ICPC, yalianza Texas mwaka 1970, na mwaka 2024 fainali zake zilifanywa Luxor, nchini Misri. Vijana watatu hupewa kompyuta moja na muda wa saa tano. Programu yao hujaribiwa na mashine kwa masuala wasiyoyaona. Ikikataliwa, nao baadaye wakafaulu katika suala hilo, huongezewa dakika 20 kwa kila kukataliwa. Mwenye pupa hulipa pupa yake.

Tuseme suala ni zaka ya mbuzi. Kuanzia 40 hadi 120 hutolewa mbuzi mmoja. Kuanzia 121 hadi 200, wawili. Kuanzia 201 hadi 399, watatu. Kisha kuanzia 400, mmoja kwa kila mia iliyotimia. Mwanafunzi mzembe huijaribu programu yake kwa mbuzi 50 na 150, akaridhika. Mashine humwuliza 39, 40, 120 na 121. Ikiwa ameandika "zaidi ya 40" badala ya "40 au zaidi", mwenye mbuzi 40 hatatoa kitu, na masikini atakosa haki yake kwa neno moja lililokosewa. Aliyezoea kuichungua mipaka namna hii amefunzwa uaminifu pamoja na hesabu. Tena mashine hiyo haiulizi baba yako ni nani wala kabila lako ni lipi.

Lakini mashindano yana maradhi yake. La kwanza ni kiburi, na dawa yake ni mtu kujipima na jana yake kuliko kujipima na jirani. La pili ni kunakili. Mashine huhukumu jawabu, haimhukumu mtu. Anayeleta kazi ya mwenziwe hupata daraja, na daraja hiyo ni ushahidi wa uwongo. Kulitazama jawabu baada ya kutaabika nalo hakuna ubaya, maadamu mtu atalifunika tena na kuliandika kwa akili yake mwenyewe.

Wako wasemao: siku hizi mashine zaandika programu zenyewe, ya nini kujichosha? Twajibu kwa yule binti. Akidanganywa na mjomba au akipotoshwa na mashine, khasara yake ni moja. Asiyeweza kukagua jawabu yuko chini ya yule alitoaye.

Mwezi wa Aprili 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa hesabu itakuwa lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu, baada ya mpango wa kwanza kuiacha kuwa khiari kwa wengine. Uamuzi huo ni mwema. Lakini sheria humkalisha mtoto mbele ya ubao. Kumtia hamu ni kazi ya wazazi na waalimu.

Basi, ndugu zetu, tusingoje kompyuta nyingi. Vijana watatu, karatasi moja na penseli vyatosha kuanzia: waandike hatua, waijaribu mipaka, na kila mmoja akague kazi ya mwenziwe. Wala binti zetu wasiwekwe nje, kwani wao ndio wanaopunjwa kwanza. Na siku mali itakapogawanywa mbele ya watu, awepo mmoja wao wa kusema kwa adabu, "Tuhesabuni tena," na aweze kuhesabu.

Wabillahi tawfiq.