Kimya Si Ndiyo

Jirani yangu hapa Umoja ana simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao wengi hudhani ni panya wakubwa. Siku ya kwanza nilimbeba mmoja, akatulia tuli kifuani. "Ona, amenipenda," nikasema. Jirani akacheka. "Huyo ameganda tu, msee. Anakuogopa."

Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa. Akishikwa na hofu, huganda. Akitaka chakula hupiga mluzi mkali; akikasirika hugonganisha meno. Hata mngurumo wake una maana mbili: ukiwa mzito na mwili umelegea, ameridhika, ukiwa mfupi na mwembamba, mwili umekakamaa, ana wasiwasi.

Nilikumbuka sebule yetu, wazee wakinichagulia kozi ya chuo. Mimi nilikaa kimya. "Amekubali," wakasema. Nilipoacha masomo mwaka wa pili, kila mtu alishangaa.

Nimewalaumu miaka yote hiyo. Na bado, nilipopata kiumbe mdogo mikononi mwangu, nilifanya vilevile: nilitafsiri hofu yake kwa namna iliyonifurahisha mimi. Basi nani ana wajibu wa kuuliza? Nadhani ni mwenye mikono mikubwa, maana anayeshikwa hana pa kwenda.

Siku hizi nambeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine ukishikilia makalio. Akikakamaa, namrudisha chini. Juzi alinguruma ule mngurumo mzito. Sijamwambia mtu kwamba ananipenda.